Jogoo Wako na Usingizi wa Jirani



Juma hili tuzungumze juu ya jogoo. Usicheke. Wapo watu waliokaa uzio kwa uzio miaka kumi, wakaazimana chumvi na kupeana moto, na leo hawaamkiani. Ukichimba sana kutafuta chanzo, utakuta ni jogoo aliyewika saa kumi za usiku. Mmoja alinung'unika. Wa pili akajibu vibaya. Mtoto akalipeleka neno kisimani, na kisimani neno likarudi limenenepa. Baada ya hapo jogoo amekwisha chinjwa na kuliwa zamani, lakini ugomvi wake bado u hai.

Wazee wetu hawakusumbuliwa sana na jambo hili. Mji wa Mkurya ulikuwa na nafasi. Zizi la ng'ombe lilikuwa katikati, nyumba zimelizunguka, nje yake shamba la ulezi na mtama, na baada ya shamba ndipo waona moshi wa jirani. Jogoo aliwika, na sauti ikafika kwa jirani imechoka. Tena watu wote walitaka kuamka saa ile ile: kukamua, kusaga, kushika jembe kabla ya jua kuwa kali. Jogoo alikuwa saa ya kijiji kizima, na hapana mtu anayeigombeza saa kwa sababu inasema kweli.

Sasa tazama Nyamisangura. Ni kata ya mji wa Tarime, na huko, kama katika kingo za miji yetu yote, nyumba zinasogea na mashamba yanarudi nyuma. Mahali palipokuwa na migomba ya jamaa mmoja, huenda leo pana viwanja vinne, na katika kila kiwanja vyumba vya kupangisha. Upande huu wa ukuta mama analaza kuku zake. Upande wa pili, hatua tano tu, pana dirisha la chumba cha kulala. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Hawakuiona siku ambayo mji wenyewe utainuka na kumfuata jogoo shambani kwake. Jogoo hakuhama, mji ndio uliohamia.

Nawe unayekaa kijijini, mbali na lami, usiseme jambo hili ni la watu wa mjini. Leo shule imejengwa na walimu wamepewa nyumba karibu nawe. Kesho zahanati, na mwuguzi wa zamu ya usiku. Kesho kutwa vijana wako watatu watagawana kiwanja cha baba yao, na kila mmoja atajenga nyumba yake chini ya mwembe ule ule. Basi hapo jogoo wa mkubwa atamwamsha mtoto mchanga wa mdogo. Yafaa tujifunze mapema.

Tuwawaze watu wawili. Wa kwanza ni mama mwenye kuku. Tumwite Mama Fulani. Kuku kwake si mchezo. Mayai hununua chumvi, sabuni na madaftari. Mgeni akija, jogoo huokoa heshima ya nyumba. Mtoto akiugua usiku, kuku wawili wakiuzwa asubuhi wampeleka zahanati. Ng'ombe ni wa baba, lakini kuku ni sanduku la fedha la mama, na ufunguo anao mwenyewe. Ukimwambia aondoe kuku zake, umemwambia aondoe mkono wake mmoja.

Wa pili ni mpangaji. Huenda ni mlinzi wa usiku, au mwuguzi, au kijana wa bodaboda anayerudi saa nane za usiku. Huenda anafanya kazi za zamu kule mgodini Nyamongo. Huenda ni mama aliyejifungua juzi, au mzee ambaye usingizi humjia kwa shida kama mvua ya kiangazi. Mtu huyu hana chuki na kuku. Anataka kulala tu. Asiyelala juma zima huwa mkali, huwapiga watoto bila sababu, husinzia juu ya pikipiki, na kusinzia juu ya pikipiki ni kifo.

Wawili hawa wote wana haki. Hilo ndilo linalofanya shauri liwe gumu. Kama mmoja angekuwa mwizi, tungejua la kufanya.

Kabla ya kutoa shauri, yafaa tumjue jogoo mwenyewe, kwa maana watu wengi humlaumu kwa yasiyo yake. Wengine husema jogoo huwika kwa sababu ameona mwanga. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani waliwachunguza majogoo, wakatoa habari zao mwaka 2013. Waliwaweka majogoo mahali penye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku. Kumbe waliendelea kuwika kwa utaratibu kila siku, kwa sababu jogoo anayo saa ndani ya mwili wake. Waliona pia kuwa huanza kuwika kama saa mbili kabla ya mapambazuko. Kwetu hapa, ambapo jua halibadili sana saa ya kuchomoza mwaka mzima, hiyo ni karibu na saa kumi za usiku. Basi jogoo wako hana ukaidi. Ametumwa na saa yake.

Hata hivyo wataalamu hao waliona kwamba mwanga na sauti ya jogoo mwingine humchochea pia awike. Na mwaka 2015 wakatangaza jambo jingine la kufurahisha: majogoo wanaokaa pamoja wana ukubwa na udogo kati yao. Aliye mkubwa huwika kwanza, na wengine hufuata kwa zamu. Akiondolewa yule mkubwa, wa pili hushika nafasi yake. Shika neno hili, maana litatusaidia mbele.

Na wataalamu wa Ubelgiji nao walipima sauti ya jogoo karibu na kichwa chake, wakaona ni kali kiasi cha kuweza kudhuru masikio. Wakajiuliza, mbona jogoo mwenyewe hawi kiziwi? Wakagundua kwamba afunguapo mdomo wake wote ili kuwika, njia ya sikio lake hujifunga. Jogoo huwapigia kelele wote, naye mwenyewe hujiziba masikio. Je, msomaji wangu, humjui mtu wa namna hiyo? Kila mmoja wetu yuko hivyo kidogo. Kelele ya nyumbani kwetu hatuisikii. Redio yetu ni burudani, ya jirani ni fujo. Mtoto wetu akilia, ana homa. Wa jirani akilia, hakufundishwa. Mama Fulani akikuambia, "Mimi mbona simsikii?" hasemi uongo. Amemzoea. Kwa hiyo hapana njia ya yeye kujua kwamba unateseka, ila umwambie.

Usidhani ugomvi huu ni wa kwetu tu. Katika kisiwa cha Oléron, nchi ya Ufaransa, alikuwako jogoo aliyeitwa Maurice. Majirani waliokuwa na nyumba ya mapumziko kando yake walilalamika kwamba anawaamsha mapema mno. Shauri likafika mahakamani katika mji wa Rochefort. Magazeti ya ulimwengu yakaandika, watu wengi wakatia sahihi kumtetea jogoo. Tarehe 5 Septemba 2019 hakimu akatoa hukumu: Maurice ana haki ya kuwika. Walalamikaji wakaamriwa kumlipa mwenye jogoo euro 1,000. Mwaka uliofuata Maurice akafa, na Januari 2021 Ufaransa ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani kama urithi wa nchi.

Watu walishangilia, na jogoo alistahili. Lakini tafakari kidogo. Hakimu aweza kusema nani ana haki. Aweza kuamuru fedha zilipwe. Hawezi kuamuru watu wawili waulizane hali asubuhi. Kule kisiwani mwenye kushindwa alikuwa na nyumba nyingine ya kurudi. Sisi hatuna. Mtu unayemshinda barazani Nyamisangura utakutana naye kesho bombani, keshokutwa sokoni, na Jumapili katika benchi moja kanisani. Padre atakaposema mpeane amani, utampa mkono gani?

Basi, wewe mwenye kuku, tuanze na wewe. Jirani amepiga hodi, amekuambia jogoo anamsumbua. Utajibu nini? Wengine hujibu, "Ukitaka kimya, kajenge makaburini." Wengine, "Nimezaliwa hapa, wewe umekuja juzi na begi." Wengine hutafuta makosa ya zamani: "Mbona redio yenu? Mbona mbwa wenu?" Majibu haya yana utamu wa dakika moja. Mnywa pombe kali naye husikia utamu wa dakika moja.

Mwambie hivi: "Pole, mwanangu. Sikujua. Keti kwanza." Maneno hayo hayakugharimu hata yai moja. Hukukubali bado kumchinja jogoo. Umekubali tu kwamba aliye mbele yako ni mtu. Tena fikiri: yeye aliyekuja mlangoni kwako amekuheshimu. Angaliweza kwenda kwa wengine kukusema. Angaliweza kutupa jiwe juu ya bati lako usiku. Jirani anayelalamika kwako bado ni jirani. Mwogope yule aliyenyamaza.

Baada ya maneno mema, fanya kazi. Hapana dawa ya kumnyamazisha jogoo kabisa, lakini zipo njia za kumpunguza.

Kwanza, hesabu majogoo yako. Kuku jike hutaga bila jogoo. Jogoo yahitajika tu kama wataka mayai yaanguliwe. Na kwa vifaranga, jogoo mmoja watosha kwa majike kama kumi. Basi kwa nini una majogoo manne? Vijogoo huanza kujaribu sauti wakiwa na umri wa miezi minne au mitano. Hapo ndipo pa kuuza au kutia chunguni. Ukumbuke yale ya Japani: mmoja akiwika, wenzake hufuata kwa zamu. Nyumba yenye majogoo manne humpa jirani kelele nne kwa faida ya jogoo mmoja. Lakini ukimwuza yule mkubwa peke yake ukidhani umemaliza, wa pili atashika zamu yake usiku ule ule.

Pili, tazama mahali pa banda. Wengi hulaza kuku jikoni au katika kibanda kilichoegemea uzio, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Zunguka uende upande wa jirani, usimame penye dirisha lake, uangalie. Pengine kuhamisha banda hatua ishirini, likae nyuma ya nyumba yako, kutakata sauti nyingi. Ukuta wa udongo huzuia sauti kuliko mabati na mbao zenye nyufa. Siku moja ya kazi na vijana wawili, shauri limekwisha.

Tatu, giza. Ikiwa una taa ya umeme nje inayowaka usiku kucha na kumulika banda, umemwambia jogoo kwamba kumekucha. Geuza taa au kinga mwanga usiingie bandani. Usiwafungulie kuku alfajiri. Ngoja jua litoke. Giza halitaisimamisha saa iliyo mwilini mwake, lakini litaondoa vichocheo vingine.

Nne, kimo cha dari. Jogoo anapotaka kuwika kwa nguvu hunyosha shingo juu. Penye fito za kulalia, dari ikiwa chini kiasi cha kumzuia asinyoshe shingo yote, huwika kwa shida. Lakini uangalie sana: asiumie, aweze kusimama na kugeuka, na banda liwe na matundu ya hewa. Usimtie jogoo ndani ya debe wala sanduku, wala usimfunge mdomo. Huo ni ukatili, na kiumbe cha Mungu hakikuumbwa kwa ajili ya ukatili wetu.

Tano, ikiwa kwa jirani kuna mgonjwa mahututi, au msiba, au mtoto aliyezaliwa jana, mpeleke jogoo kwa shangazi huko shambani kwa majuma mawili. Atarudi. Tena juma likipita, usingoje jirani aje mara ya pili. Nenda wewe, ukamwulize, "Je, siku hizi unalala?" Swali hilo moja lina nguvu kuliko banda jipya.

Sasa wewe unayelalamika, tega sikio nawe. Jiulize kwanza: jogoo alikukuta hapa, au wewe ulimkuta? Ikiwa ulihamia penye kuku, huna haki ya kuwaambia wenyeji wageuze maisha yao yote. Omba, usiamuru. Na omba kitu kinachowezekana. "Mama, naomba banda lisogee kidogo," hilo lawezekana. "Sitaki kusikia kuku hapa," hilo ni kuanzisha vita.

Nenda mwenyewe. Usimtume mtoto, kwa maana mtoto hupeleka maneno na hasira pamoja. Usiandike katika kundi la simu ambamo watu hamsini husoma na arobaini hucheka. Injili yatufundisha kwamba ndugu akikukosea, uende kwake, ninyi wawili peke yenu. Twaisikia kanisani, lakini tukifika nyumbani twaanza na watu arobaini, na ndugu mwenyewe twamwacha awe wa mwisho kujua.

Tena chagua saa. Usitoke kitandani saa kumi na moja za alfajiri, macho mekundu, ukaenda kugonga mlango. Kitabu cha Methali kina neno la ajabu katika sura ya 27: mtu anayemtakia jirani yake heri kwa sauti kuu alfajiri na mapema, heri hiyo huhesabiwa kuwa laana. Ikiwa baraka ya alfajiri yageuka laana, lawama ya alfajiri itageuka nini? Nenda jioni, watu wamekula, moto unawaka. Sema habari za mvua, uulize wazima, kisha useme, "Mama, nimekuja na shida yangu. Mimi hufanya kazi usiku, na jogoo wetu huyu ananishinda." Ukisema shida yako, atakuonea huruma. Ukisema ubaya wake, atajitetea. Na fanya sehemu yako: sogeza kitanda mbali na dirisha, weka pazia zito, ziba nyufa. Akiona nawe umejisumbua, ataona aibu kutosumbuka.

Na jiwe, je? Na sumu? Hapana, kabisa. Kumwua mnyama wa mwenzako ni kosa mbele ya sheria, na mtu aweza kufungwa kwa hilo. Lakini hata pasipokuwa na sheria, sumu haijui jina la jogoo. Yaweza kuliwa na mbwa, na kuku wa mjane wa jirani, na mtoto anayetambaa na kutia kila kitu kinywani. Katika wilaya yetu twajua sana jinsi moto unavyoanza. Ng'ombe mmoja aliyeibwa, mpaka wa shamba uliosogezwa, mara watu wa koo mbili wametoka na mapanga na mishale, na mama wasiojua chochote wamekuwa wajane. Hapana aliyetaka kufika huko. Walifika hatua kwa hatua. Kuku mmoja aliyekufa kwa sumu ni hatua.

Ikiwa mmezungumza mara mbili au tatu na hamkupatana, tafuteni mtu wa tatu, mmoja tu, anayeheshimiwa na ninyi nyote: mzee wa jirani, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo. Mtu huyo aje asikie sauti kwa masikio yake, na alione banda kwa macho yake. Ikishindikana, yuko mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Baada yake liko Baraza la Kata, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1985, na upatanishi ni katika kazi zake. Nchi yetu inayo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni juu ya kelele. Twazisikia zaidi zikitajwa kwa ajili ya baa, kumbi za muziki na mitambo. Fahamuni njia hizo. Lakini ziwe kama ngazi: hapana anayeanza na kidato cha juu.

Na tukisema kelele, tuseme kweli. Jogoo anaonewa. Huwika dakika chache, hunyamaza, huwika tena. Je, harusi yetu yenye vipaza sauti mpaka alfajiri? Je, redio inayolia tangu asubuhi bila mtu wa kuisikiliza? Je, mkesha wa sala ambao sauti yake yamfikia mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani? Mungu si kiziwi. Mwenye kupiga spika usiku kucha Jumamosi hawezi Jumatatu kumshitaki jogoo. Mwambie jirani mapema: "Tutakuwa na sherehe, mtatusamehe, nanyi mnakaribishwa." Mtu aliyekaribishwa haisikii kelele kama aliyefungiwa nje.

Nanyi wazazi, angalieni mnachosema mbele ya watoto. Mkimwita jirani mchawi kwa sababu amelalamika juu ya kuku, mtoto atakwenda nalo shuleni na kumwambia mtoto wa jirani. Ninyi mtapatana baada ya mwezi. Watoto watakuwa wamerithi ugomvi wasioujua chanzo chake. Afadhali mtoto akuone ukibeba banda la kuku kwa mikono yako kwa ajili ya usingizi wa mtu mwingine. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha shule.

Mtume Petro naye alisikia jogoo usiku mmoja uliokuwa mbaya kuliko usiku wote wa maisha yake. Sauti ile ilimkumbusha kosa lake. Hakuokota jiwe kumpiga jogoo. Alitoka nje akalia, akawa mtu mpya. Jirani anayekuja kutuambia tunalomkosea huifanya kazi ya jogoo yule. Sauti yake si tamu, lakini yatuamsha.

Labda utauliza: kwa nini nijisumbue hivi kwa mtu aliyepanga chumba tu, ambaye mwakani atahama? Nitakuambia kwa nini. Ugonjwa wa kideri ukiingia mtaani, wafagia banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ipo, tone moja jichoni mwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wako, na kuku wa jirani asiyechanjwa huokota punje pamoja na vifaranga wako. Wenye kuku wakinunua chupa pamoja na kuchanja siku moja, wote hupona. Watu wasioamkiana hawanunui chupa pamoja.

Na iko sababu kubwa zaidi. Methali, katika sura ile ile ya 27, yatuambia kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali, nasi tuna mithali kama hiyo tangu zamani. Katika nchi yetu hii ya Tarime, kila mtu anajua maana ya yowe. Wezi wameingia zizini. Nyumba imeshika moto. Mke ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Unatoka nje gizani na kupiga kelele kwa nguvu zako zote. Ndugu yako yuko Musoma au Mwanza, hakusikii. Anayekusikia ni yule wa upande wa pili wa ukuta, yule yule ambaye jogoo wako humfikia. Kama sauti ya jogoo yapita dirishani mwake, na sauti yako itapita.

Basi kabla ya usiku huo kufika, hakikisha kwamba jirani yako akiamshwa na sauti kutoka kwako, atainuka na kuja, wala hatageuka ukutani na kuvuta shuka.